SOMO LA BIASHARA: NAMNA YA KUTAFUTA WANUNUZI BILA KULA KAPITALI



Katika somo hili tutazungumuza juu ya jambo ambalo tunaliona kila siku bila kulichunguza: namna gani muuzaji mudogo anaweza kujulisha mali yake na kupata wanunuzi, bila kupoteza feza nyingi. Hatusemi juu ya makampuni makubwa. Tunasema juu ya mama mwenye meza ya mandazi, kijana mwenye kioski ya sabuni na chumvi, mushonaji mwenye mashini moja, fundi wa viatu, baba anayeuza mafuta ya mawese kwa chupa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa shule? Tangu Septemba 2019 serikali yetu ilitangaza masomo ya bure katika shule za musingi za serikali. Lakini sisi wa sekondari tungali tunalipa minervali. Na minervali hiyo inatoka wapi? Kwa wengi wenu haitoki katika mushahara. Inatoka kwenye meza, kipande kwa kipande, kopo kwa kopo. Meza ikianguka, mwanafunzi naye anarudishwa nyumbani katikati ya trimestri. Basi somo hili si la wanafunzi wa komersiali peke yao.

Tena tunajua kwamba kuna wanafunzi wanaozunguka njia nyingine wakitoka shuleni, ili wenzao wasiwaone karibu na meza ya mama yao. Hao nao wasome mupaka mwisho. Wamama wetu wanajua kuuza kuliko sisi waalimu. Kitu kinachokosekana kwenye meza nyingi si akili ya kuuza. Ni kaye na biki. Na vitu hivyo viwili viko mikononi mwenu.

I. TANGAZO NI NINI?

Tangazo ni kila jambo linalomujulisha mutu kwamba unauza kitu fulani, mahali fulani, kwa bei fulani, na linalomupa sababu ya kuja kwako.

Wengi wakisikia neno "tangazo" wanafikiri radio, televisheni na bango kubwa la barabarani. Ni kweli, hayo ni matangazo. Mwaka 1973 Franco Luambo na orkestri yake OK Jazz walitoa wimbo "Azda", wa kusifu kampuni iliyouza motokari za Volkswagen katika Zaïre. Wimbo huo ulivuka mipaka ya inchi, na mupaka leo wazee wanaukumbuka. Tena kuna ile desturi ya "libanga": mufanya biashara anatoa feza ili mwimbaji ataje jina lake katikati ya wimbo.

Kampuni ya motokari inaweza kulipa mambo kama hayo, kwa sababu mununuzi wa motokari anaweza kutoka mbali. Lakini mama wa mandazi katika muji wa Butembo hapaswi hata kujaribu. Mutu wa Kisangani akisikia jina lake kwa radio, hatapanda ndege kuja kununua mandazi. Wanunuzi wa mama huyo ni watu wanaopita karibu na meza yake: watu wa chukudu na wa moto asubui, wanafunzi, wajenzi, majirani wa kartiye. Pengine ni watu mia mbili tu. Basi kanuni ya kwanza ni hii:

USITOE FEZA ILI UJULIKANE NA WATU WASIOWEZA KUFIKA KWAKO.

Sasa tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni mununuzi wa mara moja: amepita, ameona, amenunua, amekwenda. Wa pili ni yule ambaye watu wa soko wanamwita "kiliya wangu": anarudi kesho, na kesho kutwa anakuja na rafiki yake. Tangazo la kampuni kubwa linatafuta watu wa kwanza kwa maelfu. Muuzaji mudogo anaishi kwa watu wa pili. Mutaona ndani ya hesabu kwamba hili si neno la kupendeza tu.

II. KWANZA HESABU

Tuchukue mufano. Mama anapika mandazi 100 kwa siku, anauza kila moja 200 FC. Jioni ana 20.000 FC mukononi. Unga, mafuta, sukari, chachu na makala vimemugarimu 15.000 FC. Ni kusema kila andazi linamugarimu 150 FC, na linamuletea faida ya 50 FC. Faida ya siku nzima ni 5.000 FC.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoanguka. Mama akitazama 20.000 FC jioni, anaona feza nyingi. Lakini 15.000 FC kati yake si zake. Ni za mandazi ya kesho. Hiyo ndiyo kapitali. Katika zile 5.000 FC za faida, tuseme 3.000 zinaingia katika chakula cha nyumba na 1.500 zinawekwa kwa minervali. Inabaki 500 FC. Basi feza yote ambayo mama huyu anaweza kutumia kwa kutafuta wanunuzi ni 500 FC kwa siku, ao 13.000 FC kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Mutu akimushauri kuchapisha karatasi za matangazo kwa 40.000 FC, anamushauri kula kapitali.

Inchi yetu ilipata fundisho kubwa juu ya kula kapitali. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba mengi ya wageni yatapewa wananchi. Wengi waliyopewa maduka hayo walikuta kila kitu tayari: nyumba nzuri, kibao mulangoni, wanunuzi waliozoea kuja. Waliuza mali iliyokuwa ndani, wakatumia feza yote, na hawakuwa na kitu cha kuleta mali nyingine. Rafu zikabaki wazi. Miaka michache nyuma, serikali yenyewe ikarudisha sehemu ya biashara hizo kwa wenyewe. Kibao na jina zuri havikuokoa duka ambalo kapitali yake imeliwa.

Sasa turudi kwa kiliya. Mutu anayenunua mandazi 3 kila asubui, siku 26, ananunua 78 kwa mwezi. Faida yake ni mara 50 FC, maana yake 3.900 FC. Wakiliya kumi wa namna hiyo wanaleta 39.000 FC. Na minervali tuliyoweka, 1.500 FC mara siku 26, ni ngapi? Ni 39.000 FC. Wakiliya kumi waaminifu ndio minervali ya mwanafunzi mumoja. Mukikumbuka hesabu hii moja tu, somo halikupotea.

III. NJIA ZISIZOMALIZA FEZA

1. Kuonekana mahali pamoja, saa ile ile

Muuzaji anayekaa leo hapa, kesho kule, anafungua leo saa kumi na mbili asubui na kesho saa tatu, anawafundisha watu kutomutegemea. Mutu wa moto hana nafasi ya kumutafuta. Akikosa mara mbili, anapata kiliya wake pengine. Kushika saa na mahali hakugarimu hata franka moja, na ndilo tangazo la kwanza. Kama mama anaugua ao anaenda kwenye kilio, mutoto aketi mahali pake, ao jirani aambiwe awajulishe watu siku ya kurudi.

2. Usafi unaoonekana

Watu wananunua kwa macho mbele ya kununua kwa kinywa. Beseni yenye kifuniko, ili inzi na vumbi visiingie. Kanya ya kukamata andazi, pahali pa kutumia ileile mikono inayopokea feza. Kitambaa kilichofuliwa. Kwa mushonaji, ni nguo moja nzuri iliyotundikwa mulangoni, si rundo la vipande chini. Kwa fundi wa viatu, ni jozi mbili zilizong'aa mbele ya meza. Kazi iliyomalizika vizuri inaongea yenyewe.

3. Kibao chenye kusema kitu

Tazameni vibao vya kartiye yenu. Vingi vimeandikwa "La Grâce", "Dieu Merci", "Nouvelle Vision". Majina ni mazuri, lakini mupita njia hajui kama ndani wanauza misumari ao maziwa. Kibao kizuri kinajibu maulizo matatu: unauza nini, bei gani, na kufika namna gani. Tena kiandikwe katika luga ambayo wanunuzi wako wanaisoma. Kifaransa si lazima pahali watu wanasoma Kiswahili.

Kuna mwananchi wetu mumoja aliyejifunza jambo hili vizuri. Muchoraji Chéri Samba alizaliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Kinto M'Vuila, katika jimbo lililoitwa zamani Bas-Congo. Alifika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi kwa wachoraji wa vibao, na mwaka 1975 akafungua atelye yake mwenyewe. Alikuwa anaweka picha zake inje. Aliona ya kuwa watu wanatupa jicho na kupita. Akafikiri: nikiandika maneno ndani ya picha, watasimama wasome. Na watu wakasimama. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya wachoraji wa dunia nzima. Yeye hakuwa na feza ya radio. Alikuwa na rangi, barabara, na akili ya kutazama watu wanavyopita.

Muuzaji mudogo hana lazima ya rangi. Kipande cha ubao mweusi na chaki vinatosha, tena ni vizuri kuliko rangi, kwa sababu kwetu bei zinafuata dola: zikibadilika, unafuta na kuandika upya. Na maandishi yenu, ninyi wanafunzi, ni mazuri. Kazi hiyo inaomba dakika tano mbele ya kwenda shuleni.

4. Bei isiyofichwa

Wanunuzi wengine wanapita kwa sababu wanaogopa kuuliza. Mugeni anawaza: nikiuliza nitapandishiwa. Bei iliyoandikwa inaondoa woga huo. Katika muji wa Paris, tangu mwaka 1852, Aristide Boucicaut, mutoto wa mutengenezaji wa kofia, alikuza duka la Le Bon Marché kwa njia hiyo: bei moja kwa watu wote, imeandikwa juu ya kitu, kila mutu anaweza kuingia na kutazama bila kulazimishwa kununua, na kitu kisichofaa kinaweza kurudishwa. Duka hilo lilikuwa dogo wakati alipoingia. Likawa mojawapo ya maduka makubwa ya dunia.

Hatusemi muache kupatana bei sokoni. Kupatana ni mazungumuzo, na watu wanayapenda. Lakini kwa vitu vya kila siku, kama sabuni, chumvi, mandazi na kiberiti, bei moja kwa mukubwa na mutoto inajenga imani. Muzazi anaweza kumutuma mutoto wa miaka sita kwako bila hofu. Duka linaloaminiwa na wazazi wanaotuma watoto halikosi wanunuzi.

5. Kipimo cha haki

Munajua kopo ambalo chini yake limepigwa likaingia ndani, ili maharagi yapungue. Munajua pia mukono unaojaza kopo bila kulitikisa. Muuzaji anaona amepata. Lakini mama mununuzi akifika nyumbani anamimina katika kopo lake mwenyewe, na anajua. Mutu aliyeibiwa kwa kipimo hapigi kelele. Hasemi kitu. Anabadilisha njia tu, naye anawaambia majirani zake kwenye kisima. Hilo nalo ni tangazo, tena lenye mbio kuliko lile la radio.

Fanya kinyume. Weka kopo mbele ya macho ya watu, jaza, tikisa, ongeza juu mupaka likae kama kilima. Punje chache zinazoanguka ndizo feza yako ya tangazo.

6. Matabishi yenye hesabu

Neno "matabishi" lilitoka kwa Waportugali, katika maneno yenye maana ya "kuua mududu", ni kusema kinywaji kidogo cha asubui. Kwetu ni kile kidogo kinachoongezwa juu. Kila mununuzi anakiomba: "Mama, uongeze!" Wauzaji wengi wanatoa bila hesabu, kwa kuona haya. Turudi kwenye mandazi yetu:

a) Mutu ananunua 2, unamwongezea 1. Amelipa 400 FC; mandazi matatu yamekugarimu 450 FC. Umepata hasara ya 50 FC.

b) Mutu ananunua 5 bila nyongeza. Amelipa 1.000 FC, yamekugarimu 750 FC. Faida 250 FC.

c) Unaandika juu ya ubao: "Ukinunua 10, moja ni matabishi." Yule wa mandazi 5 anaona, anachukua 10 kwa ajili ya wenzake wa kazini. Amelipa 2.000 FC, mandazi 11 yamekugarimu 1.650 FC. Faida 350 FC.

Nyongeza ni ileile, andazi moja. Katika (a) inakula kapitali, katika (c) inaleta faida. Lakini angalieni: yule aliyekuwa ananunua 10 tangu zamani alikuachia 500 FC; sasa anakuachia 350. Kwa hiyo weka matabishi juu kidogo ya pale ambapo wanunuzi wako wengi wanasimama. Na ili ujue wanasimama wapi, lazima kaye.

7. Feza ndogo ya kurudisha

Wanunuzi wengi wanapotea kwa sababu ya "sina ya kurudisha". Muuzaji mwenye akili anatenga jioni noti ndogo za kesho. Tena siku hizi kuna malipo ya telefone. M-Pesa ilianza katika Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2012. Kuna pia Airtel Money na Orange Money. Mwenye meza akikubali malipo hayo, aandike namba kwenye ubao pamoja na jina litakaloonekana kwenye telefone, ili mununuzi asiogope kutuma kwa mutu mwingine. Na asitoe mali mbele ya kuona habari ya feza kwenye telefone yake mwenyewe. Asiamini telefone ya mununuzi.

8. Majirani

Wamama watano wanaouza mandazi katika mustari mumoja wanaweza kugombana juu ya mununuzi mumoja. Ao mumoja anaweza kuleta chai, mwingine mayai, mwingine ndizi, na kutumiana watu: "Mandazi umepata, chai ya moto iko kwa mama yule." Watu wakijua kwamba pale wanakula asubui na kushiba, wanakuja wengi, na kila meza inapata sehemu yake. Njia hii haina garama. Inaomba tu kuacha wivu, na kwa wengine hiyo ndiyo bei kali kuliko zote.

9. Telefone

Foto moja iliyo wazi, yenye bei na mahali, ikitumwa asubui kwa watu wanaoishi karibu, inafanya kazi nzuri. Foto kumi kila siku katika grupe ya jamaa ao ya kanisa zinachosha watu, nao wanaacha kutazama. Kwa mushonaji, njia nzuri ni kupiga foto ya kila kazi iliyomalizika, kwa ruusa ya mwenye nguo. Muuze pia swali hili: mega ninazonunua kwa mwezi zimeniletea mununuzi nani? Kama hamupati jina hata moja, mega hizo zilikuwa za muchezo, zisiandikwe katika biashara.

IV. MITEGO

Mutego wa kwanza: kushusha bei kwa watu wote. Jirani anauza 200 FC, wewe unasema 6 kwa 1.000 FC. Tufanye hesabu. Mandazi 6 yanakugarimu 900 FC. Faida ni 100 FC tu. Ili upate zile 5.000 FC za zamani, lazima uuze mara 50, ni kusema mandazi 300 pahali pa 100. Nani atayapika? Makala yatatoka wapi? Na kesho jirani naye anashusha. Mwishoni wote wawili munafanya kazi bure.

Mutego wa pili: deni. Deni linavuta watu kuliko tangazo lolote, na linaua kuliko ugonjwa wowote. Mama anayekopesha 3.000 FC ambayo haitalipwa, amepoteza faida ya mandazi 60. Hatusemi kukataa kabisa, kwa sababu katika kartiye tunaishi pamoja, na mwenye shida leo ni jirani. Lakini deni liwe na sheria tatu: kwa kiliya anayejulikana tu; lisipite kiasi kilichowekwa; liandikwe mbele yake pamoja na siku ya kulipa. Kumbukeni tena kwamba mutu mwenye deni anaepuka meza yako kwa haya. Umepoteza feza, na umepoteza pia kiliya.

Mutego wa tatu: uongo. "Mafuta safi" yaliyochanganywa, "kiatu cha ngozi" ambacho ni plastiki. Uongo unauza mara moja. Nasi tuliona kwamba muuzaji mudogo haishi kwa mununuzi wa mara moja.

Mutego wa ine: kuacha mununuzi mwenye malalamiko aende na hasira. Andazi limeungua, mununuzi amerudi. Kumubadilishia kunagarimu 150 FC. Kumupoteza kunagarimu 3.900 FC kwa mwezi. Omba radi, badilisha, cheka naye. Hiyo si woga, ni hesabu.

V. NAMNA YA KUJUA KAMA NJIA IMEFAA

Wauzaji wengi wanajaribu kitu na kusema "imesaidia" ao "haikusaidia" kwa kubahatisha. Ninyi munasoma fizika. Munajua kwamba katika jaribio tunabadilisha kitu kimoja tu.

Wiki ya kwanza: usibadilishe kitu. Andika kila jioni umeuza ngapi, jumatatu mupaka jumamosi. Tuseme umeuza 600.

Wiki ya pili: ongeza jambo moja, kwa mufano ubao wa bei. Andika tena. Tuseme umeuza 660.

Tofauti ni 60. Mara 50 FC, ni 3.000 FC za faida. Chaki imegarimu 500 FC. Basi njia imefaa, inabaki. Wiki ya tatu jaribu nyingine. Lakini mukianza ubao, matabishi na WhatsApp siku moja, hamutajua ni kipi kilicholeta watu, nanyi mutaendelea kulipia vyote vitatu.

Angalieni pia mambo ya inje: mvua, siku ya malipo ya waalimu, likizo ya shule, barabara iliyofungwa. Kama wiki ya pili ilikuwa na mvua siku ine, rudieni jaribio.

VI. NAMNA YA KUZUNGUMUZA NA WAZAZI

Neno la mwisho, na pengine ndilo gumu. Mwanafunzi akisoma haya, asiende nyumbani kumufundisha mama yake kuuza. Mama ataitika: "Mwanangu, hesabu hiyo ndiyo iliyokulisha miaka kumi na tano?" Naye atakuwa na haki.

Anza kwa kazi. "Mama, nikuandikie ya leo?" Usiku, baada ya chakula, muulize: unga ngapi, mafuta ngapi, makala ngapi, mandazi ngapi yamebaki. Andika tu, bila kusema kitu, wiki mbili. Siku ya kumi na nne umusomee polepole jumla. Yeye mwenyewe ataona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa sababu anawajua watu nyuma ya namba. Atasema: "Kumbe jumatano ndiyo mbaya! Ni juu ya soko la kule." Hapo munakuwa wawili: yeye ana akili ya soko, wewe una kaye.

Na yule anayezunguka njia nyingine akitoka shuleni, tunamushauri apite mbele ya meza, amusalimie mama yake kwa sauti, na kama wenzake wako pamoja naye, awaite wanunue. Hakuna tangazo la bei ya chini kuliko mutoto asiyeona haya juu ya kazi ya muzazi wake.

MAULIZO YA KUJIFUNZIA

1. Eleza tofauti kati ya mununuzi wa mara moja na kiliya. Kwa nini muuzaji mudogo anahitaji zaidi wa pili?

2. Muuzaji ananunua karto ya vipande 20 vya sabuni kwa 16.000 FC, anauza kila kipande 1.000 FC. Faida yake ni ngapi? Akishusha bei kuwa 900 FC, lazima auze vipande vingapi ili apate faida ile ile?

3. Muuzaji huyo anataka kutoa kipande 1 cha matabishi. Atoe juu ya vipande 3, 5 ao 10? Onyesha hesabu.

4. Tembea katika kartiye yako, andika maneno ya vibao vitano. Kila kibao kinajibu maulizo mangapi kati ya yale matatu? Andika upya kimoja kati ya hivyo.

5. Kazi ya wiki mbili: omba ruusa kwa muzazi, jirani ao ndugu mwenye meza, umwandikie mauzo ya kila siku. Usilete jina lake wala feza zake darasani; leta tu jambo moja ulilogundua.

Majibu ya maulizo 2 na 3 tutayatazama pamoja darasani, kila mutu na kaye yake.